Naruto, daraja na kadogo: namna ya kuchambua anime

Vijana wa Kisangani wakianza kuzungumza juu ya Naruto, swali linakuwa lile lile: nani mwenye nguvu kupita wengine? Naruto ao Sasuke? Kakashi ao Itachi? Mabishano yanaweza kumaliza mangaribi nzima. Ni mazuri, yanachekesha. Lakini kuchambua anime si kupima nguvu. Ni kuuliza: hii hadisi inatuambia nini juu ya watu, na inaacha nini pembeni?

Tuchukue mufano mumoja. Naruto ilianza mwaka 1999 kama manga, ni kusema hadisi ya picha katika gazeti, iliyochorwa na Masashi Kishimoto. Mwezi wa 10 mwaka 2002 ikaanza kuonyeshwa kwa televizyo huko Japani, kazi ya Studio Pierrot. Ya kwanza ina sehemu 220, na Shippuden inayofuata ina 500. Hatuwezi kuchambua zote hapa. Tutabaki na sehemu ya 6 mpaka ya 19, pale Naruto na wenzake wanaenda Inchi ya Mawimbi. Ni kisa kifupi, na mutu wa Kisangani atakuta humo mambo anayoyajua.

Daraja ambalo tajiri halitaki

Muzee Tazuna ni fundi. Anajenga daraja la kuunganisha kisiwa chao na inchi kavu. Gato, tajiri mwenye meli, hataki. Juu ya nini? Juu kila kitu kinachoingia na kutoka kinapita kwa meli zake. Siku daraja litaisha, bei haitakuwa tena mikononi mwake. Basi anawalipa wauaji.

Wewe unayevuka kila siku kutoka Lubunga kuja Makiso, hakuna haja tukufasirie. Muji wetu una komini sita: tano ziko upande mumoja, na Lubunga iko peke yake ng'ambo ya kushoto ya Muto Congo. Hakuna daraja katikati. Mwanafunzi, mama wa soko, mugonjwa, wote wanangoja chombo cha kuvukia. Mvua ikipiga, unangoja. Mama mwenye mimba akishikwa na uchungu usiku, mnangoja.

Hatusemi kwamba kwetu kuna Gato. Tunasema kisa hiki kinagusa jambo la kweli: umaskini wa mahali hautoki kwa uvivu wa watu wake. Mara nyingi unatoka kwa njia, na kwa yule anayeshika njia.

Sasa, wapi hadisi inalegea? Gato ni mubaya tu, toka mwanzo mpaka mwisho. Tunaambiwa alikuja na pesa na nguvu, basi. Nani alimufungulia mulango? Hatujui. Kisha anauawa, na mambo yote yanakuwa sawa. Katika maisha, tajiri mumoja akianguka, mwingine anakaa kwenye kiti chake kama watu hawajajipanga. Hadisi yenyewe inalijua jambo hilo kidogo, kwa maana mwishoni mutoto Inari anawatoa wanainchi nyumbani, wanakuja na silaha zao kulinda daraja. Lakini daraja likiisha, Tazuna analiita kwa jina la Naruto, mugeni. Kaiza, aliyemulea Inari na aliyeuawa mbele ya watu wote juu alimupinga Gato, hakupewa hata nguzo moja.

Haku, mutoto aliyegeuzwa silaha

Kati ya wauaji wa Gato kuna Zabuza, na kijana anayeitwa Haku. Mama ya Haku alikuwa wa ukoo wenye uwezo ambao watu waliuogopa na kuuchukia kisha vita. Baba yake mwenyewe alimuua mama yule. Haku akabaki barabarani, na njaa, mupaka Zabuza alipomuokota. Toka siku ile anajiita silaha ya Zabuza. Mwishoni anaruka mbele ya pigo la Kakashi ili bwana wake apone, na anakufa. Muziki unakuwa polepole, teluji inaanguka, tunalia.

Hapo ndipo tuangalie vizuri, juu Kisangani inawajua kadogo. Waliingia hapa na AFDL tarehe 15 mwezi wa 3 mwaka 1997. Na Ituri, ambayo mpaka 2015 ilikuwa pamoja nasi katika Province Orientale, ndiko alikotoka Thomas Lubanga, aliyehukumiwa na mahakama ya La Haye mwaka 2012 kwa kuingiza watoto wa chini ya miaka 15 katika vita.

Anime inaonyesha njia hiyo bila uongo: mutoto mwenye njaa hapendi silaha, anamupenda yule aliyemupa chakula. Na inamujibu Zabuza, maana Naruto anamulilia usoni, mpaka yeye mwenyewe anatoa machozi na kukubali kwamba Haku hakuwa chombo.

Lakini kuna swali linalobaki. Naruto naye ana miaka kama 12. Kijiji chake, kile "kizuri", ndicho kilimutuma mahali pa wauaji. Katika sehemu hizi 14, hakuna mukubwa anayesema hapana. Baadaye, katika Shippuden, tunasikia kwamba kijiji kilianzishwa ili watoto wasife tena katika vita. Kwa hiyo mwandishi alilijua tatizo. Tuna haki ya kumuuliza kama alilijibu.

Maswali ya kuchukua nyumbani

Ukitazama anime yoyote, jaribu haya:

- Nani anapata faida mambo yakibaki yalivyo?
- Mubaya amepewa sababu, ao amepewa sura ya kutisha tu?
- Kifo kinapopambwa na muziki, kinatufundisha kupenda nini?
- Sehemu hii inasogeza hadisi, ao inajaza wakati? Toka sehemu ya 136 ya Naruto mpaka karibu na mwisho, nyingi hazitoki katika manga. Anime ilitoka kila juma, ikakaribia kuifikia manga, basi studio ikatunga visa vyake. Ndiyo maana wengi wanachoka hapo.

Na ninyi wazazi, musizime televizyo mara moja. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 mwezi wa 1 mwaka 2009 inakataza kuwaingiza watoto katika jeshi na vikundi vya silaha, lakini mutoto hasomi sheria, anatazama Haku. Kaeni karibu naye, kisha muulizeni: kama Haku angeokotwa na mutu mwingine, angekuwa nani leo?