Kisu Kilichomaliza Msako

Gisenyi hakuna duka la visu. Kuna maduka ya vifaa vya ujenzi yenye panga na majembe, kuna meza za vyombo vya jikoni katika soko la Mbugangari, na ng'ambo ya mpaka, Birere mjini Goma, kuna vijana wanaotandika turubai chini na kumwaga juu yake kila kilichowahi kukaa katika mfuko wa mtu mwingine: miwani, saa zilizosimama, chaja, funguo ambazo milango yake haijulikani iko wapi. Anayetaka kisu kizuri cha kukunja, cha kushinda nacho mchana kutwa na kutolewa pale fundo la kamba linapokataa kufunguka, hana budi akisake. Na msako huo una utamu wake, utamu ambao watu wachache hukiri kwamba unazidi ule wa kisu chenyewe.

Mimi niliingizwa katika shughuli hii na jibini. Jibini ya Masisi, ile ya duara inayouzwa Goma na kuvushwa kuja kwetu, ilikuwa ikiletwa ofisini karibu kila wiki, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na kisu, tuliikata kwa rula ya chuma. Vipande vilitoka vimepondeka, na rula ilibaki na harufu hadi Jumatatu. Nikasema nitatafuta kisu. Nilidhani ni suala la siku mbili tatu. Likawa la miaka.

Wakati huo kuvuka Petite Barrière, kivuko cha mpakani cha kwenda Goma, kulikuwa sehemu ya maisha ya mji. Kabla ya 2020 makumi ya maelfu ya watu walipita pale kila siku: akina mama na nyanya zao na karoti zao, wanafunzi, wabeba mizigo, walemavu wa miguu na baiskeli zao za magurudumu matatu zilizosheheni hadi dereva haonekani. Miaka ya Ebola, kuanzia 2018, tulinawa mikono kwenye matangi na kupimwa joto kabla ya kupita. Nilinawa, nikapimwa, nikapita, nikaenda kuchungulia turubai. Baada ya muda vijana wa Birere walinizoea. Wakiniona kwa mbali walipaza sauti: "Papa wa tuvisu, kuya uone!" Mke wangu alipolisikia jina hilo kwa mara ya kwanza hakulifurahia hata kidogo.

Vingi nilivyooneshwa vilikuwa visu vya bei poa kutoka China, vizito, vinavyong'aa, vyenye picha ya tai au mbwa mwitu kwenye mpini. Mkononi vinaleta hamasa. Ila ukishika bapa kwa vidole viwili na kulitikisa kushoto na kulia, linacheza. Chuma chake laini hunoleka upesi, nacho huisha makali upesi vilevile. Nilinunua, nikagawa, nikanunua tena. Sioni haja ya kuvieleza zaidi.

Kilichonikamata sawasawa ni Okapi. Kijana mmoja alikitoa mfukoni mwake badala ya kukiweka kwenye turubai, jambo linaloonesha kwamba alijua anauza nini. Mpini wa mbao ya kahawia iliyopachikwa mwezi mchanga na nyota, bapa refu jembamba la chuma kinachoshika kutu, na mgongoni pete ndogo ya chuma. Ukikifungua kinalia krr-krr-krr, jino baada ya jino, mpaka bapa linasimama imara. Kukikunja, shurti uivute pete ili kabari ya mgongoni iachie.

Historia yake ni ya ajabu kwa mtu anayeishi hapa. Okapi, yule jamaa wa twiga mwenye mapaja ya milia, hapatikani porini kokote duniani isipokuwa katika misitu ya Kongo, na Ituri haiko mbali sana na sisi. Wanasayansi wa Ulaya walimpa jina lao rasmi mwaka 1901. Mwaka 1902, mjini Solingen, Ujerumani, kisu chenye jina lake kikaanza kutengenezwa kwa ajili ya masoko ya makoloni ya Wajerumani barani Afrika. Miaka hiyo ufuko huu wa Kivu ulikuwa mikononi mwa Wajerumani hao hao. Mji wakiuandika Kissenyi, na hawakuondoka hadi Wabelgiji walipowasukuma mwaka 1916. Baadaye, mwaka 1988, utengenezaji wa Okapi ulihamia Afrika Kusini. Kisu hicho kimefika hata Jamaika, ambako kimekuwa maarufu kuliko mnyama aliyekipa jina. Mnyama wa jirani yetu, basi, alizungushwa nusu ya dunia, akarudi Birere akiwa chuma na mbao. Nilikinunua bila hata kuomba kipunguzwe bei, nikavuka mpaka na kurudi nyumbani nikijiona tajiri.

Sikuweza kukitumia. Mara ya kwanza nilipokifungua mbele ya watu, kwa kazi isiyo na hatia kabisa ya kukata kamba ya gunia la viazi, mlio ule ulimfanya kila mtu aliyekuwa karibu ageuke. Mama mmoja wa makamo alirudi nyuma hatua mbili. Nchi hii ina sababu ya kutochukulia makali kimzaha. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, vifaa vya shambani na vya jikoni vilifanyiwa kazi ambayo hakuna aliyekuwa na umri wa kuona atakayeisahau, na Commune Rouge, kumbukumbu ya wahanga wa mauaji hayo, iko hapa hapa mjini. Kisu kinachojitangaza kabla ya kukata hakifai kubebwa Gisenyi. Okapi yangu iko kabatini, imefungwa kwa kitambaa chenye mafuta, na huko itabaki.

Nikageukia Opinel. Kisu cha Wafaransa, kilichobuniwa mwaka 1890 na Joseph Opinel wa Savoie, mtoto wa mfua chuma: mpini mmoja wa mbao ya mfune wa Ulaya, bapa moja, na tangu 1955 pete inayozungushwa shingoni ili bapa lisikufungie vidole. Namba 8, yenye bapa la sentimita 8.5, ndiyo inayopendwa zaidi, nayo kwa kweli inakata jibini kuliko kisu chochote nilichowahi kushika. Bapa lake ni jembamba, linapita bila kubana. Kwa bei yake, sijui kama kuna kinachoshindana nacho.

Lakini mbao hunywa maji, na Gisenyi, mita zaidi ya 1,400 juu ya usawa wa bahari, ukingoni mwa ziwa, chini ya volkano zinazokusanya mawingu, maji yako hewani. Msimu wa mvua mpini ulivimba, bapa likang'ang'ania ndani. Savoie wanajua ugonjwa huu na dawa yake: unagonga kitako cha mpini kwenye ukingo wa meza mpaka ncha itoe pua. Nilikuwa nikigonga meza ya ofisi kila saa nne ya chai. Wenzangu walivumilia Machi. Aprili, mvua zilipopamba moto, walianza kuirudia rula.

Kisha Machi 2020 mpaka ukafungwa kwa sababu ya korona. Hakuna Birere, hakuna turubai. Unaweza kudhani hamu ingekufa. Haikufa, ilinona. Nilikaa nyumbani nikipanga kichwani sifa za kisu nisichokuwa nacho: kisiwe cha mbao, kisipige kelele, kisitishe mtu, bapa lisizidi urefu wa kidole. Sijawahi kukijua kitu vizuri namna ile kabla ya kukiona.

Kilipopatikana, kilipatikana ovyo. Mfanyakazi mmoja wa shirika la misaada alikuwa akihama, na kama desturi ya watu hao, alitandaza mali yake bustanini ili majirani wanunue. Kati ya taa ya kusomea na kikaango kulikuwa na Victorinox ndogo ya mpini wa alumini, urefu wa milimita 84 ikiwa imekunjwa. Bapa moja la chuma cha pua, tupa ya kucha, kifungulia makopo na kifungulia chupa. Nilikifungua: kikafunguka. Nililitikisa bapa: halikucheza. Mwenyewe alitaja bei ya chini kiasi kwamba kupatana kungekuwa utovu wa adabu. Nikalipa. Ndiyo hivyo. Miaka yote ile ikaishia kando ya kikaango.

Na kisu hicho, lazima niseme, hakina kasoro. Kampuni yake ilianzishwa na Karl Elsener mwaka 1884 katika kijiji cha Ibach, Uswisi, ikaanza kulipatia jeshi la nchi hiyo visu mwaka 1891, na tangu hapo haijaacha kufanya kitu kile kile. Alumini haivimbi. Kikifunguka kinatoa mlio mdogo ambao hata aliyekaa nawe kiti kimoja hausikii. Chupa ya bia ya Primus, ambayo Bralirwa huipika hapa hapa Nyamyumba, kinaifungua bila kuikwaruza. Maadui zake ni wawili tu: mlinzi wa mlango wa benki, ambaye hukiweka pembeni na kukurudishia ukitoka, na uwanja wa ndege. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 ndege zilipokataa visu vya aina yoyote, Victorinox yenyewe iliyumba vibaya, maana abiria wa viwanjani walikuwa wateja wake wakubwa.

Wiki ya kwanza nilikitoa kila dakika. Wahenga walisema kipya kinyemi, ingawa kidonda. Wiki chache baadaye sikukitoa ila kulipokuwa na cha kukata. Ndipo nikagundua kwamba nikipita kwenye meza za Mbugangari sioni tena kitu. Zamani jicho langu lingemulika kati ya vijiko na mikasi likaona mpini wa kisu kutoka mita kumi. Sasa naona vijiko. Naona mikasi. Nanunua sabuni, narudi.

Jambo hili lina maelezo yake ya kimaabara, na bahati nzuri yanatoka Uswisi vilevile. Katika Chuo Kikuu cha Fribourg, mtafiti Wolfram Schultz alikuwa akipima chembe za ubongo wa nyani zinazotoa dopamini huku wakidondoshewa tone la maji ya matunda mdomoni. Mwanzoni chembe zilichangamka tone lilipofika. Nyani wakishajifunza kwamba taa fulani ikiwaka tone linafuata, chembe zilichangamka kwa taa, na tone lenyewe likapita kimya. Mwaka 1997 Schultz na wenzake Peter Dayan na Read Montague waliandika juu ya matokeo hayo katika jarida la Science, na makala yao imenukuliwa sana tangu hapo. Mimi ni mwandishi wa magazeti, si daktari wa ubongo, lakini nikisoma habari za taa ile naliona turubai la Birere.

Wapenzi wa caguwa, yaani mitumba, watanielewa bila maabara. Rwanda ilipopandisha ushuru wa nguo za mitumba mwaka 2016, kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50, marobota yalipungua sokoni na watu wakaanza kuzifuata Goma. Kuna waliovuka asubuhi wakiwa wembamba, wakarudi jioni wanene. Dada mmoja wa ofisini kwetu, mchaguzi hodari, anaweza kupekua rundo saa nzima kwa koti moja. Siku aliponunuliwa koti jipya la dukani, zuri kuliko yote aliyowahi kuyachomoa, alishukuru vizuri na kulitundika. Hajalivaa.

Nilijaribu kujidanganya. Nilijiambia kwamba nahitaji kisu cha pili, cha akiba, au cha shambani. Nikarudi kuzungukazunguka, lakini mtu anayejua kwamba hana haja hutazama tofauti, na muuzaji huliona hilo hata kabla yako. Halafu tangu Januari 2025, Goma ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23, kuvuka mpaka kumekuwa jambo la kufikiriwa mara mbili, na wengi wa vijana wale wa turubai sijui waliko. Nikitafakari, ninachokikosa zaidi ni wao: ubishi wao, uongo wao mtamu kuhusu asili ya kila kitu ("Papa, hii ni ya kanali!"), na ile namna ya kuniwekea kitu pembeni hata nisipofika mwezi mzima. Kisu kizuri hakihitaji wauzaji. Kinahitaji kinoo na tone la mafuta.

Kunoa, basi, ndiko kulikobaki. Jumapili jioni naloweka kinoo, naweka bapa mshazari, nasukuma kana kwamba nataka kukwangua ngozi nyembamba ya jiwe, kisha nageuza. Nikimaliza najaribu kwenye karatasi ya gazeti, mara nyingine kwenye ukurasa wenye makala yangu. Kazi hiyo haina msisimko hata kidogo, nami naipenda kwa sababu hiyo.

Mtaani kwetu kuna kijana fundi umeme ambaye ameanza msako wake. Anataka kisu cha kumenya nyaya, na amesikia kwamba mimi ni mjuzi. Baada ya umuganda, kazi yetu ya pamoja ya kila mwezi, huja na alichopata. "Mzee, hiki unakionaje?" Nakishika, nakifungua karibu na sikio, natikisa bapa, namwonesha mahali ambapo misumari ya mpini imeanza kulegea. Tunabishana. Anaondoka, anarudi na kingine kibaya zaidi. Kisu kinachomfaa nakijua: kina bapa fupi lililopinda, kinaning'inia kwenye duka la vifaa vya umeme analopita kila asubuhi akienda kazini, na wala si ghali. Nitamwambia, ila si mwezi huu. Amesikia kuna mzee mmoja Mbugangari mwenye Okapi ya zamani, ya Solingen hasa, na nimemwomba tuende pamoja.