Toleo la Majaribio na Kimya cha Fundi

Duka ni la vifaa vya ujenzi, Mbagala, Dar es Salaam. Saruji, nondo, misumari, rangi. Juu ya kaunta kuna kompyuta, na kando yake daftari la madeni lenye jalada gumu jeusi. Siku moja mwezi Juni mwenye duka alimpigia simu mteja wake wa miaka mingi, fundi mwashi mtu mzima, kumdai fedha za mifuko ya saruji. Kompyuta ilionyesha kwamba deni limepitiliza tangu tarehe 8 Mei. Yule mzee alikasirika, na haki ilikuwa yake. Walikubaliana alipe tarehe 5 Agosti, na daftari lilisema hivyo hivyo.

Yule mama mwenye duka alipiga picha ya skrini akanitumia kwa WhatsApp: "Mwanangu, tarehe zinageuka." Tiki mbili zikawa buluu. Baada ya wiki mbili akaandika tena: "Mwanangu, uliiona?" Nilikuwa nimeiona dakika ile ile ya kwanza. Programu ile tuliiandika mimi na mwenzangu, na pembeni ya jina lake tulikuwa tumeweka neno Beta. Sikumjibu kwa sababu sikuwa bado na jibu, nikajiambia nitamwandikia nikilipata.

Karibu kila malalamiko ninayosikia juu ya matoleo ya majaribio huanza na kuchelewa: wanachelewa kurekebisha, wanachelewa kutoa toleo kamili, tuliambiwa mwezi wa tatu na sasa ni wa kumi. Lakini ukimkalisha mlalamikaji ukamsikiliza hadi mwisho, utakuta kuchelewa kwenyewe alishakusamehe zamani. Kinachomchoma ni kwamba hajui anasubiri nini, wala kama kuna mtu upande wa pili anayejua kuwa yeye anasubiri. Nilijifunza hilo kwenye duka lile, na tangu hapo naona kimya ni kasoro ya programu kama kasoro nyingine, tena yenye kuzaa kasoro zake.

Kwanza neno lenyewe. Programu ikiwa bado mikononi mwa walioiandika, wakiijaribu wao kwa wao, huitwa alfa. Ikitolewa nje kwa watu wa kawaida waitumie kwa kazi za kweli huku ikijulikana kuwa haijakamilika, huitwa beta. Lilikuwa onyo: tumia, lakini usiweke roho yako yote hapa. Onyo hilo lilikuja kupoteza makali. Google ilitoa Gmail tarehe 1 Aprili 2004 ikiwa na alama ya beta, na alama hiyo haikuondolewa hadi Julai 2009, wakati mamilioni ya watu walikuwa wanaitegemea kwa barua zao zote. Miaka mitano ya majaribio! Gmail ilikuwa imara kiasi, hivyo wengi hawakuumia, lakini waandishi wengi wa programu walichukua somo baya, kwamba beta ni mahali pa kukaa bila kudaiwa.

Mimi siliamini hilo. Mtu anayekubali kutumia programu isiyokamilika anafanya kazi. Anatoa muda wake, anahatarisha hesabu zake, na kwenye duka la Mbagala alihatarisha heshima yake kwa mteja. Malipo yake ni kusikilizwa. Ukimnyima hayo, umemtumia bure.

Sasa kwa nini kazi hii inachelewa hata pale watu wanapojituma kweli? Aliyewahi kujenga atanielewa haraka. Boma husimama kwa miezi michache, majirani wakakupongeza, halafu kutoka boma hadi kuhamia inapita miaka. Milango, plasta, mabomba, nyaya, vitu ambavyo kila kimoja kinaonekana kidogo. Tom Cargill, aliyefanya kazi kwenye maabara za Bell, alilieleza hili kwa hesabu ambayo makusudi haijumlishiki hadi mia: ile sehemu moja ya kumi ya mwisho hula muda sawasawa na zile tisa zilizotangulia. Mtumiaji wa beta amealikwa ndani wakati wa boma. Anaona kuta, anadhani bado wiki mbili.

Chukua kasoro yetu ya tarehe. Msimbo tulioazima kwa ajili ya kusoma tarehe uliandikwa kwa desturi ya Kimarekani, mwezi kwanza kisha siku. Ukiandika 05/08, msimbo unasoma 8 Mei. Ukiandika 25/08, msimbo unaona hakuna mwezi wa 25, basi unageuza wenyewe bila kusema na kusoma 25 Agosti kama ulivyokusudia. Matokeo yake tarehe za kuanzia 13 hadi mwisho wa mwezi zilikuwa sahihi, na zile za 1 hadi 12 zikapinduka. Wakati wa kuijaribu, mimi na mwenzangu tulikuwa tukiingiza tarehe za mwisho wa mwezi, kwa sababu ndipo watu hupokea mshahara na kulipa madeni. Hatukuona kitu. Mama naye alituambia "kuna siku inakubali, kuna siku inakataa", na kauli hiyo humtisha mwandishi wa programu kuliko nyingine yoyote, maana kasoro isiyojitokeza kila mara haishikiki kirahisi.

Tulipoikamata, kurekebisha mstari wenyewe kulichukua chini ya saa moja. Kisha tukakutana na lile ambalo kimya changu kilikuwa kimelizaa. Katika wiki zile mbili mama alikuwa amejitafutia dawa: akitaka 5 Agosti, anaandika 08/05, na kompyuta inampa anachotaka. Kijana wake anayekaa dukani jioni hakujua mbinu hiyo, akaendelea kuandika kama kawaida. Ndani ya hifadhidata sasa kulikuwa na tarehe zilizopinduliwa na programu na tarehe zilizopinduliwa makusudi na mtu, zimelala pamoja, na hakuna kompyuta inayoweza kuzitenganisha. Kimoja tu kingeweza: lile daftari jeusi. Tulikaa nyuma ya duka siku tatu, mimi nasoma skrini, mama anasoma daftari, deni moja baada ya jingine, zaidi ya 200.

Ningeweza kumwandikia siku ile ile maneno manane: "Mama, ni kweli, kosa letu. Tumia daftari kwanza." Siku zile tatu zisingekuwapo.

Watu huuliza kwa nini wasiongezwe wafanyakazi tu kazi ikichelewa. Frederick Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa mfumo wa OS/360 wa IBM, alilijibu swali hilo katika kitabu chake cha mwaka 1975, The Mythical Man-Month: kuongeza watu kwenye kazi ya programu iliyokwisha kuchelewa huichelewesha zaidi, kwa kuwa wageni lazima wafundishwe na wale wale ambao hawana muda, na kila anayeongezwa anaongeza watu wa kuzungumza nao. Nimeona makampuni yakijifunza hili upya kwa gharama kubwa.

Kwa hiyo kuchelewa kutakuwapo. Namna ya kuchelewa ndiyo inayotofautiana. Wengi wa rika langu tuliifahamu Ubuntu, mfumo wa kuendeshea kompyuta wa jamii ya Linux, kwa CD za bure zilizokuja kwa posta, katika bahasha ya karatasi ngumu, bila kulipa hata senti. Ubuntu ilijengewa ahadi ya kutoa toleo jipya kila baada ya miezi sita, na toleo la Aprili 2006 ndilo lilipaswa kuwa la kwanza kuhudumiwa kwa muda mrefu, miaka mitatu kwa kompyuta za mezani na mitano kwa seva. Mwezi Machi Mark Shuttleworth, mwanzilishi wake, aliona halitaiva. Alitoka hadharani, akapendekeza kusogeza mbele kwa wiki sita, akaeleza muda huo utatumika kufanya nini, akafungua mjadala kabla ya uamuzi. Toleo lilitoka tarehe 1 Juni 2006, na namba yake ikawa 6.06 badala ya 6.04, kwa kuwa namba za Ubuntu hubeba mwaka na mwezi. Yaani kuchelewa kwao kumeandikwa kwenye jina, hadi leo.

GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, ilichelewa kuliko hiyo kwa mbali. Toleo 2.10 lilitoka Aprili 2018, na 3.0 likaja Machi 2025. Sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kuihamishia kwenye GTK 3, msingi wa kuchorea madirisha na vitufe, ambao ulikuwa umetoka tangu 2011. Waliolalamika walikuwa wengi na wanaofanya kazi wachache, wengi wao wa kujitolea. Lakini kuanzia 2020 walikuwa wakitoa matoleo ya njiani yenye namba 2.99, kila moja na maelezo marefu ya kilichofanyika na kilichobaki. Aliyetaka kujua kama kuna mtu kazini aliweza kujua.

Mlalamikaji naye ana lake la kuangalia, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu kisa chenyewe bado kinanisumbua. Kuna programu ndogo ya kubana faili iitwayo xz, iliyomo ndani ya kompyuta nyingi mno za Linux, zikiwemo seva zinazobeba intaneti. Kwa miaka mingi iliangaliwa na mtu mmoja wa Finland, Lasse Collin, bila malipo. Mwaka 2022 walitokea watu wenye majina yasiyojulikana wakaanza kumbana: kazi inakwenda polepole, mabadiliko hayaingizwi, kwa nini asimpe mwingine nafasi? Alijibu kwa upole kwamba hii ni kazi ya kujitolea, hailipwi. Wakazidi kumbana. Pembeni alikuwapo msaidizi mwema, mchapakazi, aliyejiita Jia Tan, na taratibu akapewa mamlaka. Mapema 2024 matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yalitoka yakiwa na mlango wa nyuma uliofichwa, wa kumwezesha aliyeutengeneza kuingia kwenye seva za watu. Uligunduliwa na Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliyeona kuingia kwenye kompyuta yake ya majaribio kunachelewa kwa karibu nusu sekunde na hakukubali kupuuza. Alitangaza tarehe 29 Machi 2024. Wachunguzi wengi wanaamini zile sauti za malalamiko zilikuwa sehemu ya mpango ule ule.

Hasira ya watumiaji ilikuwa kitu cha kawaida kiasi kwamba mhalifu aliweza kuivaa kama nguo na hakuna aliyeshtuka.

Ndiyo maana nasisitiza mtu atofautishe anamdai nani. Kama umelipa, una haki ya tarehe, na tarehe ikipita una haki ya maelezo na hata ya fedha yako. Kama mtu anakupa bure kazi ya usiku wake, tarehe huwezi kumdai, lakini habari unaweza kuomba: bado upo, umekwama wapi, tukusaidieje? Na unapoleta kasoro, ilete yote. Sema unatumia toleo namba ngapi, ulibonyeza nini kabla, ulitarajia nini, ukaona nini, na utume picha ya skrini. "Haifanyi kazi" ni kilio cha kweli, ila fundi hawezi kukifungua akaona kilichomo.

Kwa upande wetu mafundi, nafanya jambo moja. Kila Ijumaa jioni nawaandikia wenye maduka wanaotumia programu yetu, wote, hata kama sina la maana. Nasema kilichorekebishwa, kilichokwama na kwa nini, na siku nitakayoandika tena. Tarehe ya kukamilika sitoi mpaka niione kwa macho. Siku ya kuandika tena naitoa kila mara, kwa sababu hiyo iko mikononi mwangu.

Neno Beta bado lipo pembeni ya jina, na daftari jeusi bado lipo kando ya kompyuta. Ijumaa iliyopita niliandika: "Wiki hii hakuna kilichorekebishwa. Ripoti ya stoo bado inahesabu nondo mara mbili, tumejua ni wapi lakini hatujajua kwa nini. Msiitumie ripoti hiyo. Nitaandika Ijumaa ijayo." Mama alijibu kabla sijaweka simu mezani.

"Sawa mwanangu. Nahesabu kwa mkono."