Rekodi za Moto: Waliochoma Mapema na Waliochelewa

Ukiitazama ramani ya moto inayochorwa kwa setilaiti mwezi wa Agosti, mahali palipojaa nukta nyekundu kuliko pote duniani si California wala Australia. Ni ukanda unaoanzia Angola, ukakata kusini mwa Kongo na Zambia, hadi Msumbiji na kusini mwa Tanzania. Ikifika Desemba, nukta zimeshahamia upande wa pili wa ikweta, Sudan Kusini na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Kwa ukubwa wa eneo linaloungua kila mwaka, Afrika ndiyo bingwa asiye na mpinzani: takriban theluthi mbili ya ardhi yote inayoungua duniani iko barani humu. Agosti 2019, magazeti ya dunia yalipokuwa yakiililia Amazon, kuna siku setilaiti zilihesabu mioto mingi zaidi Angola na Kongo kuliko Brazil.

Je, rekodi hiyo ni ya kuonea aibu? Anayehesabu nukta bila kuuliza kinachoungua atasema ndiyo. Moto mwingi wa Afrika ni wa nyasi. Unapita kwa saa chache, miombo iliyokomaa inabaki imesimama, na mvua za kwanza zikinyesha majani mabichi yanachipua. Na tena, tangu 1998 hadi 2015 eneo linaloungua duniani lilipungua kwa karibu robo, sababu kubwa ikiwa ni savana kugeuzwa mashamba na malisho. Mioto inayovunja rekodi za vifo, za nyumba na za gharama hutokea kwingine, na mara nyingi hutokea mahali ambako watu walijitahidi miaka mingi moto usiwake kabisa.

Moto wa kale kuliko yote

Katika pango la Wonderwerk, Afrika Kusini, watafiti wamekuta majivu na mifupa iliyoungua ya miaka milioni 1 hivi iliyopita, na ni miongoni mwa ushahidi wa kale kabisa wa binadamu kutumia moto. Ila huo ni moto wa jikoni. Wa kuchoma ardhi, ushahidi wa kale unatoka jirani yetu zaidi: Karonga, kaskazini mwa Malawi, si mbali na mpaka wa Kyela. Mashapo ya ziwa na udongo wa hapo yanaonyesha kwamba yapata miaka 85,000 iliyopita mkaa uliongezeka na misitu ikashindwa kurudi hata mvua ziliporudi. Waliochapisha utafiti huo mwaka 2021 wanaona ni kazi ya watu. Kwa hiyo mkulima wa leo anayewasha kiberiti pembeni mwa Nyasa ana watangulizi wengi sana.

Moto unaowaka kwa muda mrefu kuliko yote hauna mwenyewe. Uko New South Wales, Australia, chini ya mlima Wingen, ambako tabaka la makaa ya mawe linaungua ardhini kwa makadirio ya miaka 6,000. 

Usiku ulioua watu wengi zaidi

Usiku wa tarehe 8 Oktoba 1871 mji wa Chicago uliungua, na kila kitabu cha historia ya Marekani kinausimulia. Usiku uleule, upande wa kaskazini, mji wa wakata mbao wa Peshtigo jimboni Wisconsin uliteketea pamoja na vijiji vya jirani. Chicago walikufa watu 300 hivi. Peshtigo na kandokando yake walikufa kati ya 1,200 na 2,500. Hesabu kamili haikupatikana kwa kuwa hata waliowajua marehemu walikuwa wamekufa. Hakuna moto wa msituni Marekani uliowahi kuua watu wengi kiasi hicho. Chanzo chake ni kiangazi kikali, matawi yaliyoachwa chini na wakata miti, na mioto midogo ya kusafisha mashamba na njia ya reli iliyokuwa ikifuka kwa wiki kadhaa bila mtu kuhangaika nayo. Upepo ulipokuja, ikaungana. Waliopona wengi ni wale waliojitosa mtoni.

Zaidi ya miaka 150 baadaye, tarehe 8 Agosti 2023, mji wa Lahaina katika kisiwa cha Maui, Marekani, ulipoteza watu 102. Mambo mawili ya Lahaina yanatuhusu. Kwanza, uchunguzi ulikuta kwamba moto ulioangamiza mji mchana ni ule wa asubuhi, uliosababishwa na nyaya za umeme zilizoanguka, ambao wazima moto waliamini wameumaliza kabla ya kuondoka. Pili, kilichoulisha moto huo ni nyasi, na miongoni mwake zilikuwamo nyasi ndefu za Guinea zenye asili ya Afrika, zilizopelekwa huko kulishia ng'ombe. Mashamba ya miwa yalipofungwa, nyasi zikayatwaa. Huku kwetu zina tembo, nyati na ng'ombe wa kuzila. Kule hazikubaki na mlaji wa kutosha. Kaskazini mwa Australia gamba, nyasi nyingine ya Afrika, imeleta balaa kama hilo: inaungua kwa ukali mara kadhaa kuliko nyasi za asili, na kuua miti iliyozoea moto mdogo.

Ukubwa

Hapa tupite haraka, maana namba za ukubwa huchosha. Mwaka 2023 Kanada iliunguza takriban hekta milioni 15, zaidi ya mara mbili ya rekodi yake ya awali, na moshi wake ukafanya mchana wa New York uwe wa rangi ya chungwa. Moto wa Gospers Mountain, karibu na Sydney, ulianza na radi moja Oktoba 2019 ukala zaidi ya hekta 500,000. Australia haijapata kuona moto wa msituni mkubwa kuliko huo ulioanzia nukta moja. Ndani ya moto huohuo kulikuwa na bonde la siri lenye misonobari ya Wollemi, aina ya mti iliyodhaniwa imetoweka hadi ilipogunduliwa mwaka 1994. Wazima moto walishushwa kwa helikopta na kuweka mipira ya kumwagilia, na miti hiyo karibu yote ikapona. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi bora ya zimamoto ya msimu ule.

Kiberiti kimoja

Tarehe 5 Agosti 1949, katika korongo la Mann Gulch huko Montana, wazima moto 16 walijikuta wakikimbizwa mlimani na moto wa nyasi uliokuwa na kasi kuliko miguu yao. Kiongozi wao, Wagner Dodge, alisimama, akawasha kiberiti na kuzichoma nyasi zilizokuwa mbele yake. Akawaita wenzake waingie kwenye majivu. Hawakumwelewa, wakampita. Dodge akalala kifudifudi juu ya ardhi iliyokwisha kuungua, moto mkubwa ukafika, ukakosa cha kula, ukazunguka. Kati ya wote 16 walipona 3. Wafugaji wa nyika wanaijua mbinu hiyo tangu zamani, lakini kuikumbuka moto ukiwa hatua chache nyuma yako ni jambo jingine.

Zimamoto kubwa kuliko zote

Kwa upande wa mitambo, sifa hiyo ni ya Boeing 747 iliyobadilishwa kubeba lita 74,000 hivi za maji au dawa kwa safari moja. Ilitumwa Chile mwaka 2017 na Bolivia mwaka 2019, kisha ikauzwa kwa ajili ya mizigo, kwa kuwa gharama ya kuirusha haikubebeka.

Zimamoto kubwa kweli, nionavyo, iko Serengeti na inatembea kwa kwato. Sotoka iliyoingia Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19 iliua ng'ombe na nyumbu kwa wingi, ikaendelea kuwaua ndama wa nyumbu kwa miongo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, ng'ombe wa kandokando ya hifadhi walipokwisha kuchanjwa, ugonjwa ulitoweka kwa nyumbu. Kutoka 250,000 hivi wakafikia zaidi ya milioni 1 katika miaka ya 1970. Midomo hiyo yote ilikula nyasi ambazo zamani zilikuwa zinakaukia pale pale zikingoja cheche. Eneo linaloungua Serengeti likapungua sana, na miche ya migunga iliyokuwa ikiunguzwa kila mwaka ikapata nafasi ya kuwa miti. Chanjo ya ng'ombe ilizima moto kwenye eneo ambalo hakuna ndege ingeweza kulimudu.

Jaribio la miombo

Mwaka 1933, karibu na Ndola katika Zambia ya leo, wataalamu wa misitu waligawa kipande cha miombo katika viwanja. Vingine vilichomwa kila mwaka mwanzoni mwa kiangazi, nyasi zikiwa bado na unyevu. Vingine vilichomwa mwishoni, kila kitu kikiwa kikavu. Vingine havikuguswa na moto kabisa. Jaribio liliendelea kwa miongo, na kwa mazingira ya miombo silijui lililotoa jibu wazi kuliko hilo. Palipochomwa mwishoni mwa kiangazi miti mikubwa ilikufa mmoja mmoja hadi pakawa nyasi na machipukizi. Palipochomwa mapema msitu ulidumu. Pasipochomwa pakafunga, msitu ukawa mzito zaidi. Mti ni uleule, udongo uleule, kiberiti kilekile. Kilichotofautiana ni mwezi.

Maarifa hayo wenyeji wa Arnhem Land, Australia, walikuwa nayo kabla ya jaribio lolote. Tangu 2006 wanalipwa kwa kuyatumia: katika eneo la kilomita za mraba 28,000 wanachoma vipande vidogo mapema, ili moto wa mwishoni ukute vizuizi. Miaka 7 ya kwanza hewa chafu itokanayo na moto ilipungua kwa zaidi ya theluthi, na kampuni ya gesi ya Darwin ndiyo iliyolipia. Kilwa nako shirika la uhifadhi wa mpingo lilijaribu uchomaji wa mapema katika misitu ya vijiji kwa matumaini ya kuuza kaboni. Kwa wingi wa uchomaji wa kupangwa, Florida ni miongoni mwa majimbo yanayoongoza Marekani: takriban hekta 800,000 kwa mwaka, chini ya sheria ya 1990 inayomkinga mchomaji aliyefuata taratibu.

Moto wa kupangwa uliovunja mipango

Aprili 2022, huko New Mexico, maofisa wa misitu wa serikali ya Marekani walichoma sehemu ya msitu ili kupunguza kuni zilizolundikana. Upepo ukauchukua moto nje ya mipaka. Moto wa pili ulitokea kwenye marundo ya matawi yaliyochomwa Januari. Ulijificha ardhini, ukapitiwa na theluji mara 3, ukaibuka Aprili. Miwili hiyo ikaungana ikawa moto mkubwa kuliko yote katika historia ya jimbo hilo, hekta 138,000. Serikali ilikiri kosa na kutenga mabilioni ya dola kuwalipa walioathirika, na uchomaji wa kupangwa ukasimamishwa kwa siku 90 katika misitu yote ya taifa. Wapo wanaoutumia mfano huu kusema moto wa kupangwa usiwepo kabisa. Sikubaliani nao. Kuni zile zingebaki palepale kungoja radi.

Mlima usiotaka moto

Hayo ya kuchoma mapema yasimfikie mtu yeyote wa Kilimanjaro. Moto ulioanza tarehe 11 Oktoba 2020 uliunguza kilomita za mraba 95.5, na mamia ya watu, wakiwamo askari wa hifadhi, wanafunzi na wanavijiji, walipanda kuuzima. Msitu wa juu wa mlima ule, wenye miti ya Erica, hukamata maji ya ukungu na kuyadondoshea ardhini, nao umekuwa ukiliwa na moto wa warina asali, majangili na wapita njia kwa miongo. Mtafiti Andreas Hemp amehesabu kwamba maji yanayopotea kwa kuungua msitu huo ni mengi kuliko yanayopotea kwa kuyeyuka barafu. Picha za barafu zinauzwa dunia nzima; anayetegemea mfereji Marangu angepaswa kuulilia msitu kwanza.

Waliorudisha msitu

Ua lenye haraka kuliko yote ni yungiyungi mwekundu wa Rasi ya Afrika Kusini, Cyrtanthus, anayechanua takriban wiki mbili baada ya moto kupita, akiamshwa na moshi. Hifadhi ya Yellowstone ya Marekani, iliyoungua zaidi ya theluthi moja mwaka 1988, haikupandwa: misonobari yake hufunga mbegu kwa utomvu unaoyeyuka kwa joto la moto, na miche ikaota kwa wingi kuliko miti iliyokufa. Moto wenyewe ulishindikana kwa wazima moto 25,000 na dola milioni 120. Ulizimwa na theluji ya Septemba.

Tillamook, Oregon, haikuwa na bahati hiyo. Iliungua mwaka 1933, ikaungua tena 1939, 1945 na 1951, hata watu wakaanza kuhesabu miaka 6 kwa hofu. Mbegu zilikuwa zimekwisha ardhini. Wananchi wakapiga kura kukubali mkopo wa kupanda upya, na kuanzia 1949 hadi 1973 ikapandwa miche milioni 72, mingine ikipandwa na mikono ya watoto wa shule waliopelekwa kwa mabasi. Leo ni msitu wa serikali ya jimbo, na waliokuwa watoto wale wamekwisha kuwa babu na bibi.

Nawe kama una shamba la kusafisha kiangazi hiki, Sheria ya Misitu ya Tanzania ya mwaka 2002 inataka kibali. Anzia ofisi ya kijiji na uwaarifu majirani. Lima kinga-moto kuzunguka shamba. Choma mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu na upepo umetulia, kisha ubaki hapo hadi majivu yapoe, na kesho yake urudi uyapekue kwa jembe.