Uandishi Upya wa Rasimu kama Sehemu ya Uchunguzi: Funzo la Mpemba na Osborne kwa Wanafunzi wa Sayansi Dar es Salaam

Makala haya yanafafanua nafasi ya uandishi upya wa rasimu katika kumfunza mwanafunzi wa sayansi kuandika makala ya utafiti. Hoja ya msingi ni kwamba kuirudia rasimu si kusahihisha sarufi pekee, bali ni kuuchunguza upya ushahidi wenyewe.

Mfano wa karibu ni makala ya Erasto Mpemba na Denis Osborne yaliyochapishwa mwaka 1969 katika jarida la Physics Education. Mwaka 1963, Mpemba akiwa mwanafunzi wa sekondari, aliona mchanganyiko wa aiskrimu uliowekwa ukiwa wa moto ukiganda kabla ya ule uliokwisha kupoa. Baadaye alimuuliza Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, ambaye alilifanyia swali hilo majaribio. Katika makala yao, masimulizi ya Mpemba na vipimo vya Osborne vimetenganishwa. Msomaji anajua lipi lilionwa na lipi lilipimwa.

Mwaka 2016, Henry Burridge na Paul Linden walionesha kuwa tofauti ya takribani sentimita 1 katika kimo cha kipimajoto yatosha kuleta matokeo yanayofanana na hayo. Hivyo, sentensi moja ya mbinu inaweza kuamua iwapo dai litasimama.

Funzo hilo linafaa katika vyuo kama Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu kilichopo Chang'ombe, Temeke, kinachoandaa walimu wa sayansi. Chukulia rasimu isemayo: "Maji ya moto huganda haraka." Mwalimu anauliza: maji kiasi gani? Kipimajoto kiliwekwa wapi? Kuganda kulihesabiwa tangu barafu ya kwanza au hadi maji yote yalipoganda? Jibu lisipopatikana katika daftari la maabara, mwanafunzi anarudia jaribio. Katika rasimu inayofuata, "huganda" inakuwa "yaliganda": kanuni ya jumla imerudishwa kwenye kipimo cha ushahidi uliopo.

Kwa kuwa sayansi hufundishwa kwa Kiingereza kuanzia sekondari, ni rahisi kalamu ya msahihishaji kuishia kwenye lugha na kuliacha dai bovu likiwa limenyooshwa sarufi. Inafaa, kwa hiyo, mizunguko ya awali ihusu ushahidi, hata kwa mjadala wa Kiswahili, na usahihishaji wa lugha uje mwisho.