Folda Ikikataa Kufunguka

Ndugu karani wa chama cha akiba, uwe Kisii mjini au Nyamira: mwenzako anafungua folda ya mikopo kutoka kompyuta kubwa ya ofisi, wewe inakukataa. Usilaumu waya kwanza. Katika Windows, folda ya pamoja ina milango miwili: ruhusa ya kupitia mtandao na ruhusa ya folda yenyewe. Uliobana zaidi ndio unaotawala.

Basi fundi akague yote miwili, tena aone kama umo katika kikundi kinachoruhusiwa. Akikuongeza, funga akaunti yako uingie upya.

Lakini jamani, asifungulie watu wote ili kumaliza kelele! Humo mna siri za wanachama, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazilinda.