Ruta imekataa kuwaka baada ya kupewa programu mpya? Usikimbilie kuitupa

NI siku za mwisho za mwezi wa Juni na foleni imejaa kwenye saiba. Wateja wanataka kuwasilisha ripoti zao za ushuru kwa KRA kabla ya tarehe 30 kupita. Mwenye duka, akiona intaneti inasuasua, anaamua kuipa ruta yake programu mpya. Kabla ya shughuli kukamilika, umeme unapotea. Unaporejea, ruta inawasha taa moja tu na mtandao haupo.

Wengi wanaofikwa na hali hii huamua kwamba kifaa kimekufa, wakakitupa na kununua kingine. Huenda wamemzika mgonjwa aliyezimia tu. Mara nyingi ruta kama hiyo yaweza kufufuliwa bila gharama, mradi mwenyewe aelewe kilichotendeka ndani yake.

Ruta ni tarakilishi ndogo. Ina hifadhi ya kudumu yenye programu inayoiendesha, ambayo mafundi huiita famuwea. Katika hifadhi hiyo mna pia programu nyingine ndogo, butiloda, ambayo huamka kwanza umeme unapoingia, kisha ikaiamsha famuwea.

Wakati wa kuboresha, famuwea ya zamani hufutwa na mpya kuandikwa mahali pake. Umeme ukikatika katikati, maandishi hubaki nusu. Butiloda huamka, ikaitafuta famuwea na kukosa iliyo kamili. Hata hivyo, butiloda yenyewe kwa kawaida haiguswi, nayo ndiyo mlango wa uokoaji.

Chanzo kingine cha balaa hii ni faili isiyoiafiki ruta. Jina la modeli pekee halitoshi. Chukua mfano wa Linksys WRT54G, iliyopata umaarufu mkubwa miaka ya 2000. Toleo lake la nne lilikuwa na hifadhi ya megabaiti 4 na liliendeshwa na mfumo wa Linux. Toleo la tano, la mwaka wa 2005, lilipunguziwa hifadhi hadi megabaiti 2 na kupewa mfumo wa VxWorks. Kwa nje zilikuwa shilingi kwa ya pili, lakini faili ya moja haikuifaa nyingine.

Basi ufanyeje? Kwanza, subiri. Usichomoe waya wa umeme kabla ya dakika 15 kupita, kwa kuwa baadhi ya ruta huchelewa kuwaka mara ya kwanza baada ya kupata programu mpya.

Pili, zitazame taa. Iwapo hakuna inayowaka, shuku adapta ya umeme kabla ya kushuku programu. Hakikisha kwamba volti zake zinalingana na zilizoandikwa chini ya ruta. Taa zikiwaka, zikazimika na kurudia hivyo bila kikomo, ruta inajaribu kuamka na kushindwa.

Tatu, bonyeza kitufe cha Reset kwa sekunde 10 hivi huku ruta ikiwa imewashwa. Hatua hii hufuta mipangilio ya awali, ambayo wakati mwingine hugongana na programu mpya.

Ikishindikana, ichunguze butiloda. Unganisha kipakatalishi na ruta kwa kebo, wala si kwa Wi-Fi. Ikiwa anwani ya ruta ni 192.168.1.1, ipe tarakilishi yako anwani ya 192.168.1.2. Kwenye dirisha la amri la Windows, andika “ping -t 192.168.1.1”, kisha uwashe ruta. Ukipata majibu, hata kwa sekunde chache kabla ya kunyamaza, butiloda iko hai.

Sasa tumia simu yako kupakua famuwea sahihi kutoka wavuti ya mtengenezaji, na uihamishie kwenye tarakilishi. Njia ya kuiingiza hutofautiana. Katika ruta nyingi za ASUS, shikilia kitufe cha Reset unapowasha umeme hadi taa ianze kumwekamweka polepole. Hapo ruta iko tayari kupokea faili. Modeli nyingi za TP-Link, kwa upande wake, huenda zenyewe kuichota faili kupitia utaratibu uitwao TFTP, kutoka kwa tarakilishi yenye anwani ya 192.168.0.66. Sharti faili hiyo ipewe jina ambalo ruta inalitarajia. Nyingi za D-Link hufungua ukurasa wa dharura kwenye anwani ya 192.168.0.1.

Ukikosa jibu lolote, mwendee fundi. Yeye hufungua kasha na kuunganisha waya tatu kwenye bodi ili asome ujumbe wa butiloda moja kwa moja. Si kazi ya kubahatisha, kwani sehemu hiyo aghalabu hutumia volti 3.3, na adapta ya volti 5 yaweza kuiunguza. Na kama ruta ni mali ya kampuni inayokuuzia intaneti, irejeshe kwao bila kuifungua.

Je, ni heri kutoboresha ruta kabisa? La hasha. Mnamo 2018, programu hasidi ya VPNFilter iligunduliwa ikiwa imevamia ruta na vifaa vingine vya mtandao zaidi ya 500,000 katika mataifa 54. Famuwea iliyopitwa na wakati huwaachia wadukuzi mlango wazi.

La muhimu ni kujiandaa. Soma nambari ya toleo chini ya ruta, hifadhi nakala ya mipangilio, tumia kebo, na uichomeke ruta kwenye UPS. Pakua pia famuwea inayotumika sasa na kuiweka kando, kwani mchama ago hanyele, huenda akauya papo. Zaidi ya yote, usiifanye kazi hii wateja wakiwa kwenye foleni.