Baridi ya Injini si Baridi ya Ngozi

Swali hili nimeulizwa na dereva wa teksi pale Mwanga, nimeulizwa na nahodha wa boti ufukoni Kibirizi, na juma lililopita nimeulizwa tena na kijana mwenye Subaru Impreza ya mbio, gari ambalo, kwa uzuri wa injini yake na kwa mali iliyotumika kulifikisha huku mwisho wa reli, lilistahili hadhari kubwa zaidi: "Fundi, hapa Kigoma baridi iko wapi? Themostati ya nini? Si tuitoe tu?" Kwa kuwa nimekwisha kulijibu kwa upole mara nyingi mno, na kwa kuwa upole huo haukuzuia hata themostati moja kutupwa, nimeona ni heri nilijibu kwa maandishi, na safari hii bila ya upole mwingi.

Themostati haikuwekwa katika injini kwa ajili ya theluji. Dhana kwamba Wazungu walikitia kidude hicho kwa kuwa kwao kuna baridi, na kwamba sisi wa nchi za jua twaweza kukivua kama koti, imeota mizizi katika gereji za Bara na Pwani kiasi ambacho mafundi hurithishana kana kwamba ni sehemu ya elimu. Lakini haiwezi kusimama mbele ya hesabu ya mtoto wa darasa la nne. Injini ya petroli hufanya kazi yake barabara maji yake yakiwa kwenye nyuzi 90 hivi za sentigredi, na oili yake ikiwa kati ya nyuzi 90 na 110. Asubuhi ya mwezi wa Julai hewa ya Kigoma yaweza kushuka hadi nyuzi 18; asubuhi ya Januari mjini London yaweza kuwa nyuzi 5. Basi injini ya London ina safari ya nyuzi 85 kabla ya kufika mahali pake, na injini ya Kigoma ina safari ya nyuzi 72. Ni nani mwenye insafu atakayeshuhudia kwamba ile ya kwanza yahitaji msaada njiani, na hii ya pili haina haja nao hata kidogo? Ngozi ya mwanadamu huona nyuzi 18 na nyuzi 5 kuwa dunia mbili mbalimbali. Kwa injini, zote mbili ni baridi kali.

Ndani ya themostati mna kikombe kidogo cha shaba kilichoshindiliwa nta, ufundi aliouvumbua Sergius Vernet huko Marekani katika miaka ya 1930: nta ikiyeyuka huvimba, ikasukuma kijiti, na mlango ukafunguka, ikipoa hunywea, na springi ikaurudisha mlango mahali pake. Nambari iliyogongwa juu ya chuma chake, ambayo kwa magari mengi tunayoyapokea hapa ni 82 au 88, ndiyo nyuzi ambazo mlango huanza kufunguka. Chini ya hapo maji huzunguka ndani ya injini tu. Juu ya hapo huruhusiwa kwenda kwenye rejeta, kidogo kidogo, kwa kadiri ya haja. Jua likiwa kali na mlima ukiwa mrefu, mlango hufunguka wote, na maji hupita yakaenda kupoa. Kwa hiyo anayesema kwamba themostati nzima huchemsha gari wakati wa mchana anaisingizia.

Sasa tuingie katika oili, ambayo ndiyo hasa inayodhulumiwa, maana geji ya maji kila mtu huitazama na ya oili magari mengi hayana. Kijana wa Impreza aliniambia kwa furaha kwamba mshale wa temperecha haupandi hata robo, na kwamba akiteremka kutoka Kasulu kuja ziwani hulala kabisa. Alidhani anasifu afya ya gari lake, kumbe alikuwa akieleza dalili za maradhi yake. Maadamu maji hayapati moto, kompyuta ya injini huamini kwamba gari limewashwa sasa hivi, na huendelea kumwaga petroli ya ziada; ndipo mashine ya kupimia inapoonyesha msimbo P0128, ambao maana yake ni kwamba maji hayafikii nyuzi zinazotakiwa, na ambao mafundi wetu huufuta badala ya kuusoma. Petroli hiyo huosha oili kwenye kuta za silinda, ikapenya kwenye ringi, ikashukia kwenye sampu. Tena kila lita moja ya petroli inayoungua huzaa takriban lita moja ya maji kwa hali ya mvuke. Mwingi wake hutoka kwenye ekzosi, lakini sehemu hupenya nayo kwenda chini. Oili yenye moto wa kutosha huyafukuza maji na petroli hiyo yakatoka kwa njia ya kupumulia. Oili iliyobaki kwenye nyuzi 60 huyahifadhi, na maji hayo yakikutana na mabaki ya moshi hugeuka kuwa asidi ambayo hula beringi bila ya kelele.

Mwenye shaka na afanye ithibati kwa mkono wake. Achukue gari linalokwenda kati ya Mwanga na Ujiji tu, mwendo usiofika mbali kiasi cha kuipasha oili, tena lililotolewa themostati. Afungue kizibo cha kujazia oili na kukigeuza. Aghalabu atakuta upande wa ndani utando mzito, rangi ya maziwa yaliyochanganyika na chai, unaoteleza kati ya vidole na kunuka petroli. Utando huo ni maji na oili vilivyopigana hadi vikawa kitu kimoja. Nimepata kuona gari ambalo mwenyewe aliambiwa na gereji moja kwamba utando huo ni gasketi ya silinda hedi iliyokufa. Hedi ikafunguliwa, ikachongwa, ikarudishwa kwa fedha nyingi, na baada ya mwezi mmoja utando ukarudi kama ulivyokuwa, kwa kuwa gasketi haikuwa na kosa tangu mwanzo.

Ada hii mbaya ya kung'oa themostati haikuzuka bure, na insafu yanilazimu niseme asili yake. Maji ya Ziwa Tanganyika yana alikali nyingi na yamebeba magnesiamu kwa wingi, na sisi tumezoea kuyachota ufukoni na kuyatia kwenye rejeta bila ya kuuliza. Kila yanapopata moto huacha utando mgumu ndani ya vijia vya rejeta, hata vikaziba. Gari likaanza kuchemsha. Fundi, asiyetaka kuhangaika na rejeta, akang'oa themostati. Na kwa kuwa maji sasa hupita kwenye rejeta tangu alfajiri, gari likatulia kwa miezi michache. Hapo ndipo sifa ilipopatikana. Ugonjwa ulikuwa kwenye rejeta, nao umebaki hapohapo, umefichwa tu. Na ajabu iliyo kubwa zaidi ni hii: katika injini nyingi za Japani themostati ina milango miwili, wa kwenda kwenye rejeta na wa kuziba njia ya mkato inayorudisha maji ndani ya injini. Ukiing'oa, njia ya mkato hubaki wazi siku zote, sehemu ya maji yenye moto hurudi bila ya kupita kwenye rejeta, na siku ya mzigo na mlima gari huchemsha upesi zaidi kuliko lilipokuwa nayo.

Watu wa bandari yetu wasingepaswa kufundishwa kwamba injini sharti ipate moto kwanza. Meli tunayoiita Liemba, iliyoundwa na Meyer kule Papenburg mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa hapa Kigoma, ilikuwa na injini za mvuke, na mhandisi wa mvuke hakuthubutu kumpa nahodha nguvu zote kwenye silinda baridi: aliachilia mvuke kidogo kidogo, akapasha chuma, akatoa maji kwa vibomba vya chini, ndipo akaitikia kengele. Wajerumani walipoizamisha wenyewe Julai 1916 walizipaka kwanza injini hizo grisi nzito, na Waingereza walipoiibua mwaka 1924 walizikuta zingali zafaa, hata ikarudi kazini mwaka 1927. Injini zilizofunikwa kwa grisi safi zilikaa chini ya ziwa miaka kadhaa zikasalimika. Injini ya kijana wetu, kwenye nchi kavu, inaliwa na maji yaliyomo ndani ya oili yake mwenyewe.

Na wenye magari ya mbio, ambao hujitetea kwamba injini zao ni za moto zaidi, wawatazame waliowaundia. Porsche 911 ya zamani haikuwa na maji kabisa, ilipozwa kwa hewa na oili, na bado ilipewa themostati ya oili isiyoruhusu oili kwenda kwenye rejeta ya mbele mpaka ipate moto. BMW, katika M5 ya mwaka 1998 na M3 iliyofuata, waliweka taa kwenye geji ya mizunguko zinazomwonya dereva asiikimbize injini, zikazimika moja baada ya moja oili inapopata moto. Gari la mbio lina turbo na beringi zenye nafasi finyu, na oili nzito ya baridi haifiki huko kwa wakati. Oili ya 20W-50, ambayo vijana huipenda kwa kudhani uzito ni nguvu, kwenye nyuzi 40 ni nzito kama mara tisa kuliko ilivyo kwenye nyuzi 100. Ikibanwa kwenye filta hufungua mlango wa dharura na kupita bila ya kuchujwa.

Basi la kufanya ni hili. Rudisha themostati yenye nambari iliyoandikwa na mwenye kuiunda injini, na kabla ya kuifunga itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, uwashe jiko, uone inafunguka kwa nyuzi ngapi. Safisha rejeta au uibadilishe. Maji ya ziwa marufuku, tia dawa ya rejeta iliyochanganywa na maji yaliyotoneshwa. Tumia oili ya kitabu, si ya jirani. Asubuhi washa, ngoja taa ya oili izimike na nusu dakika zaidi, kisha ondoka taratibu. Kukaa dakika 20 gari likinguruma uani ni kupoteza petroli na kuichafua oili. Mshale wa maji ukifika katikati, oili bado iko nyuma: ongeza dakika kumi za mwendo wa upole, usipite mizunguko 3,000. Kama umefunga rejeta ya oili, iwe na themostati yake. Wa Buhigwe na Kasulu wanaoziba nusu ya rejeta ya maji kwa kipande cha bati kwa ajili ya baridi waking'oe kabla jua halijapanda. Gari la safari fupi libadilishwe oili kwa miezi, si kwa kilomita peke yake, na mara moja kwa juma lipelekwe mbali. Ukifika na turbo yenye moto, subiri dakika moja kabla ya kuzima.

Manahodha wa Kibirizi wasidhani wamesamehewa: maji ya ziwa yanayoingia injini yana nyuzi 25 hivi mwaka mzima, na injini ya boti iliyonyimwa themostati haipati moto hata siku moja ya maisha yake. Wewe mwenye gari, kabla hujamlipa fundi, mwombe akuonyeshe themostati ikiwa mahali pake. Kama haipo, kazi haijakwisha, na malipo yangoje.